Ishara Namba 15, Ishara Namba 9, na Umeme wa Mashaka

Upande wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, ambako kijiji cha Kalengera kipo, ndiko uliko mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, uliozinduliwa Desemba 2015 ukiwa na uwezo wa megawati 13.8. Maji yake ni ya mto Rutshuru, na sehemu ya umeme wake hushuka mpaka Goma. Lakini kukaa jirani na mtambo hakumhakikishii mtu umeme. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia Goma, laini ziliharibika na mji ukakaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba. Hata katika miezi ya utulivu, kibanda cha kuchapa hati, kituo cha afya na ofisi ya ushirika wa wakulima huishi kwa mchanganyiko: waya wa mtambo pale unapofika, paneli ya sola, betri ya gari, jenereta siku ya shida. Anayefanya kazi na kompyuta katika mazingira hayo anajua jambo ambalo vitabu vingi vya mafunzo huligusa juujuu tu: mashine itazimika leo au kesho, na swali ni itazimikaje.

Kuna kuzimika kwa kukatwa, na kuna kuzimika kwa kuambiwa. Mifumo ya ukoo wa Unix, yaani Linux iliyo kwenye seva nyingi, macOS ya kompyuta za Apple na hata Android ya simu, ina njia ya kuiambia programu jambo wakati inaendelea na kazi yake. Njia hiyo ni ishara, na amri ya kuituma ni kill. Wengi waliojifunza Linux kwa kuangalia wenzao wanaijua amri hii kwa umbo moja tu, kill -9, na hulikimbilia kila programu inapokwama. Ninaamini tabia hiyo inatugharimu sisi wa huku kuliko inavyowagharimu watu wa kwingine. Penye umeme wa uhakika, programu hupata nafasi nyingi za kufunga kazi zake vizuri. Penye umeme wa mashaka nafasi ni chache, na ishara ndiyo inayoamua kama sekunde za mwisho zitaokoa data au zitapita bure.

Ishara yenyewe ni kitu kidogo mno. Haibebi maelezo; ni namba tu, ambayo kiini cha mfumo (kernel) huiandika kwenye taarifa za mchakato husika, yaani programu inayoendeshwa, kwamba inaungojea. Mchakato ukipata zamu yake kwenye prosesa, kabla haujaendelea, kiini huangalia kama programu imejiandaa kwa namba hiyo. Ikiwa imejiandaa, kazi inasimama kidogo na kile kipande cha msimbo kilichoandikwa kwa ajili ya ishara hiyo kinatekelezwa. Ikiwa ilishasema haitaki kuisikia, ishara inatupwa. Ikiwa haikusema lolote, kiini hufuata desturi ya ishara hiyo, na kwa nyingi desturi ni kuukatisha mchakato. Kwenye Linux, namba 1 hadi 31 ndizo za kawaida. Juu yake, hadi 64, zipo za ziada kwa programu zinazotaka ishara zipange foleni. Zile za kawaida hazipangi foleni. Ukituma ishara ileile mara tano kabla mchakato haujapata zamu, itafika kana kwamba umetuma moja.

Ishara mbili programu haiwezi kuzikataa wala kujiandaa nazo: 9, yaani SIGKILL, na 19, yaani SIGSTOP. Hapo wabunifu walikuwa na busara, maana bila hizo programu yenye kasoro au yenye nia mbaya ingeweza kumgomea mwenye mashine. Lakini matokeo yake yaeleweke vizuri. SIGKILL haifiki kwa programu hata kidogo. Kiini hakiiambii programu ife. Kiini huiondoa, na programu haipati hata mstari mmoja wa msimbo wake wa kufungia kazi.

Utaratibu huu ulianza Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani AT&T, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ishara za mwanzo zilikuwa na udhaifu: programu ikishapokea moja, maandalizi yake yalifutika, na ya pili ikiwahi kufika ingeiua kabla haijajiandaa upya. Watu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walitengeneza hilo katika 4.2BSD mwaka 1983, na kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kikaweka kanuni tunazozifuata hadi leo. Ambacho hakikuafikiwa kikamilifu ni namba. SIGSTOP ni 19 kwenye kompyuta nyingi za Linux lakini ni 17 kwenye macOS. SIGUSR1 ni 10 huku na 30 kule. Kwa hiyo ni afadhali kuandika jina, kill -STOP au kill -USR1, na kuacha namba kwa zile ambazo hazibadiliki, kama 9 na 15.

Tofauti ya hizo mbili inaonekana vizuri zaidi kwenye hifadhidata. Kongo hukusanya takwimu zake za afya kwa DHIS2, na chini ya DHIS2 kuna PostgreSQL, programu ambayo waandishi wake wamezifikiria ishara kwa makini kuliko wengi. PostgreSQL huwa na mchakato mkuu mmoja, na kwa kila mtu aliyeunganishwa huzaa mchakato mtoto. Tuseme mtu ameomba ripoti ya mwaka mzima, ombi limekwama, mashine imekuwa nzito. Msimamizi anaandika ps aux na kuona mchakato namba 4127 umeing'ang'ania prosesa.

Akiandika kill -INT 4127, ombi lile linafutwa, na mwenye ripoti anabaki ameunganishwa akiona ujumbe kwamba ombi lake limesitishwa. Akiandika kill 4127 bila nyongeza, amri hutuma namba 15, SIGTERM: mchakato unarudisha nyuma mabadiliko yasiyokamilika, unaaga na kuondoka, na wengine hawahisi chochote. Akiandika kill -9 4127, mchakato unatoweka hapohapo. Mchakato mkuu unaona mtoto amekufa ghafla, na kwa kuwa watoto wote hushirikiana eneo moja la memori, hauwezi kujua kama aliyekufa ameacha kitu nusunusu humo. Unafanya jambo pekee lililo salama: unawaondoa watoto wote, unasafisha eneo lile, unasoma daftari la mabadiliko na kuanza upya. Kila karani aliyekuwa akiingiza fomu za kituo chake anatupwa nje kwa kosa la ripoti moja ya mtu mwingine. Msimamizi alidhani anakata tawi kavu, kumbe ametikisa mti mzima, kwa sababu ya herufi mbili alizoongeza.

Anayetaka kujua baadaye programu ilikufaje aangalie namba inayoachwa. Sheli huonyesha 128 ikijumlishwa na namba ya ishara: 130 ni Ctrl+C, yaani SIGINT, 143 ni SIGTERM, 137 ni SIGKILL. Ukiona 137 na hakuna mtu aliyeandika kill, tazama kumbukumbu za kiini kwa amri ya dmesg, maana memori inapojaa kiini chenyewe huchagua mchakato wa kuua, na huua kwa 9. Simu za Android hufanya vivyo hivyo kila siku. Simu yenye memori ndogo huziua programu zilizo nyuma ya skrini kwa SIGKILL, na ndiyo maana programu ya simu iliyoandikwa vizuri huhifadhi ulichoandika pale tu unapogeukia programu nyingine. Haijui kama itarudi.

Hapa kuna hoja ambayo watu wenye uzoefu huitoa, na ni hoja nzito. Wanasema: kama umeme utakatika bila taarifa, basi programu lazima istahimili kukatwa; na kama inastahimili kukatwa, kwa nini tusumbuke na 15? Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox waliandika makala iliyoieneza fikra hiyo: programu iwe na njia moja tu ya kusimama, nayo ni kuanguka, na njia moja tu ya kuanza, nayo ni kujirekebisha. Fikra hiyo imetusaidia. PostgreSQL na hifadhidata za MySQL zinazotumia InnoDB hurudi salama baada ya ajali kwa sababu zimejengwa kwa mtazamo wa namna hiyo.

Lakini hoja hiyo inaunganisha vitu viwili ambavyo si kimoja. Programu ikiuawa kwa 9, kiini bado ni kizima. Kile ambacho programu ilishakikabidhi kwa kiini ili kiandikwe kwenye diski kitaandikwa, hata kama programu haipo tena. Kinachopotea ni kile kilichokuwa bado kwenye memori ya programu yenyewe. Umeme ukikatika, kiini nacho kinakwenda pamoja na kila kitu kilichokuwa kinasubiri kuandikwa, isipokuwa kile ambacho programu ilisisitiza kwa fsync kwamba kifike diski kabla haijaendelea. Na hata hapo, diski nyingine za bei ya chini hujibu kwamba zimeandika wakati bado hazijaandika. Kwa hiyo kuna ngazi tatu za hasara: kilichokuwa kwenye memori ya programu, kilichokuwa kwa kiini kikisubiri kuandikwa, na kile ambacho diski ilidai imeshakiandika. Programu iliyoipita kill -9 salama haijathibitisha kwamba itapita kukatika kwa umeme, na mtu anayeijaribu seva yake kwa 9 peke yake anajipa imani isiyo na msingi. Halafu kuna muda. Kujirekebisha baada ya ajali kunaweza kuchukua sekunde au dakika nyingi, ikitegemea mabadiliko mangapi yanasomwa upya, na mahali ambapo umeme unakuja kwa saa chache dakika hizo ni sehemu ya siku ya kazi.

Sasa turudi kwenye umeme wenyewe, kwa sababu hapo ndipo ishara zinapofanya kazi bila mtu kuandika amri. UPS, yaani betri za akiba za kompyuta, nyingi zina waya wa USB, na watu wengi hawauchomeki. Wakiuchomeka na kuweka programu kama NUT au apcupsd, mashine hupata habari kwamba umeme wa ukutani umeondoka na kwamba betri inakaribia kuisha. Unix ya zamani ilikuwa hata na ishara maalumu ya jambo hili, SIGPWR, namba 30 kwenye Linux, ambayo hutumwa kwa mchakato namba 1. Betri ikifika kiwango cha hatari, upsmon ya NUT huamuru mashine ijizime. Systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi, nayo huanza kuzisimamisha: inatuma SIGTERM kwa kila moja, inasubiri, na isiyoondoka inauawa kwa SIGKILL. Mwisho inatuma SIGTERM kwa chochote kilichobaki, kisha SIGKILL, inaandika kilichobaki kwenye diski, inaachia mifumo ya mafaili na kuzima.

Neno la kuangalia katika maelezo hayo ni "inasubiri". Muda wa kawaida wa systemd ni sekunde 90 kwa huduma moja. Ukiwa na UPS ndogo ya dukani yenye betri iliyochoka, sekunde 90 zinaweza kuwa ndizo zote ulizonazo. Huduma moja mbishi inayopuuza SIGTERM inazila zote, na hifadhidata iliyopangwa kufungwa baada yake inakatwa pamoja nayo. Kwenye PostgreSQL kuna mtego wa ziada. SIGTERM kwa mchakato mkuu inamaanisha: usipokee wageni wapya, lakini wangoje waliomo mpaka waondoke wenyewe. Karani aliyeacha muunganisho wazi akaenda kula anaweza kuifanya seva ingoje mpaka betri ife. SIGINT ndiyo inayosema: wakatishe waliomo, rudisha nyuma yasiyokamilika, funga sasa. Ndiyo sababu mfano wa faili la systemd ulio katika mwongozo rasmi wa PostgreSQL umeweka KillSignal=SIGINT. Mfano huohuo umeweka muda wa kusubiri usio na kikomo, na hapo mimi naachana nao: kwenye seva ya Rutshuru kikomo lazima kiwepo, na kitokane na umri wa betri iliyo chini ya meza.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: NUT inaweza kuiagiza UPS ijikate yenyewe baada ya mashine kuzima. Bila hilo, umeme ukirudi wakati mashine imezimwa lakini UPS bado inatoa umeme, mashine haioni badiliko lolote na inabaki imezimwa hadi mtu aje kubonyeza kitufe. Seva iliyo peke yake kwenye chumba kilichofungwa, na barabara haipitiki, inaweza kungoja wiki.

Kwenye sola hali ni ngumu zaidi. Kidhibiti cha chaji cha bei ya kawaida huangalia volti ya betri, na betri ya volti 12 ikishuka karibu na volti 11, kinakata upande wa matumizi ili kuiokoa betri. Kinakata tu. Kompyuta ndogo iliyounganishwa hapo haipati taarifa yoyote, na kwa kuwa wengi hutumia kadi ya memori badala ya diski, kadi ndiyo inayoumia. Lakini vidhibiti vingine vina tundu la data, na skripti ya mistari kumi inaweza kusoma volti kila dakika na kuamuru mashine ijizime kiwango kikifika, tuseme, volti 11.8. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja, na sijui kazi nyingine ya mchana mmoja inayookoa kadi nyingi kiasi hicho.

Umeme ukiwapo, kuna kukatika kwingine: mtandao. Ishara namba 1, SIGHUP, ilitokana na simu. Watumiaji wa zamani waliifikia kompyuta kuu kwa laini ya simu kupitia modemu, na laini ikikatika kiini kiliijulisha michakato yao ili isibaki ikizunguka bila mwenyewe. Mtu wa Kalengera aliyeingia kwa ssh kwenye seva ya Goma, Nairobi au Ulaya kupitia mtandao wa simu yuko katika hali ileile. Mnara ukizimika, seva haijui papo hapo; inaweza kuendelea kujaribu kwa robo saa au zaidi. Ikishakata tamaa, teminali inafungwa, sheli inapokea SIGHUP na kuipitisha kwa watoto wake wote. Nakala ya akiba uliyoiacha inaendelea kwenda inakufa muda mrefu baada ya wewe kupotea, na hapo ulikuwa umeshajipa moyo kwamba imekwisha.

Dawa ni za zamani na ni za bure. Nohup huiambia programu ipuuze namba 1. Tmux huweka kazi ndani ya kikao kinachobaki kwenye seva hata wewe ukiondoka, nawe ukirudi unakikuta kama ulivyokiacha. Na kama kazi imeshaanza bila kinga, bado kuna nafasi: Ctrl+Z kuisimamisha, bg kuiendeleza kwa nyuma, disown -h kuiambia sheli isiipitishie SIGHUP. Kwa maoni yangu, huku kwetu hakuna kazi ya zaidi ya dakika mbili inayostahili kuanzishwa kwa ssh nje ya tmux.

SIGHUP hiyohiyo ilipata kazi ya pili. Programu zinazoishi nyuma bila teminali hazina laini ya kukatika, kwa hiyo waandishi wake waliitwaa namba 1 iwe agizo la kusoma upya faili la mipangilio. Nginx, programu ya seva za tovuti, hufanya hivyo, PostgreSQL pia. Nginx imeendelea mbali zaidi: USR1 inaifanya ifungue upya mafaili ya kumbukumbu, QUIT inaifanya imalizie wateja waliomo kabla ya kuondoka, TERM inaifanya iondoke haraka. Hapo TERM si njia ya upole zaidi, na mtu aliyezoea desturi za programu moja atashangazwa na nyingine. Inapasa kusoma mwongozo wa kila moja. Mfano wa kutosha ni dd, inayotumiwa na wengi kuandika Linux kwenye flashi. Kwenye Linux, kill -USR1 huifanya ionyeshe imefika wapi. Ukiituma kwenye macOS, ambako dd haijajiandaa kwa ishara hiyo, desturi inafuatwa na dd inakufa, flashi ikiwa imeandikwa nusu.

Ishara ninayoiona haitumiki inavyostahili katika nyumba zinazoishi kwa betri ni SIGSTOP pamoja na mwenzake SIGCONT. Vijana wanaohariri video za harusi wanaijua adha ya ffmpeg: saa kadhaa za kubadilisha video, prosesa imejaa, feni inalia, betri inashuka. Jua likizama upande wa Masisi na kazi imefika katikati, hawahitaji kuiua. Kill -STOP inaisimamisha hapohapo, inaacha kula prosesa lakini inabaki na kila kitu chake kwenye memori. Asubuhi paneli zikianza kutoa, kill -CONT na inaendelea kutoka fremu ileile. Mashine ikizimwa katikati kazi inapotea, hilo lazima lijulikane, na programu iliyokuwa ikiongea na seva nyingine inaweza kukuta mwenzake ameshachoka kungoja. Pia mchakato uliosimamishwa hausikii SIGTERM mpaka uendelezwe. Ukituma 15 ukaona kimya, fuatisha na CONT. Systemd inalijua hilo, ndiyo maana ikituma SIGTERM hutuma na SIGCONT papo hapo.

Zipo nyakati ambapo hata 9 haifanyi kitu, na hapo watu huanza kuamini mashine imerogwa. Angalia safu ya hali kwenye ps. Herufi Z inaonyesha mchakato ulioshakufa, ambao jina lake limebaki kwa sababu mzazi wake hajachukua taarifa ya kifo. Huwezi kuua kilichokufa, shughulika na mzazi. Herufi D inaonyesha mchakato uliolala ndani ya kiini ukingoja kifaa, mara nyingi diski inayokufa au folda iliyo kwenye seva nyingine ambayo mtandao wake umekatika. Huko ishara inangoja mpaka kifaa kijibu. Kuandika kill -9 mara ishirini hakusaidii. Kuchomoa flashi mbovu au kurudisha mtandao kunaweza kusaidia. Kwangu, herufi D kwenye diski ya zamani ni sababu ya kuanza kunakili data siku hiyohiyo.

Hatari ya kumlenga asiyehusika nayo ipo. Namba za michakato hutumika tena. Uliyoiandika kwenye karatasi asubuhi inaweza kuwa ya mtu mwingine jioni. Pkill inatafuta kwa jina, na pkill -f inatafuta kwenye mstari mzima wa amri, hivyo pkill -f data inaweza kuiondoa hifadhidata, nakala ya akiba na kihariri ambacho mtu amefungulia faili lenye neno hilo. Andika kwanza pgrep -af na maneno yaleyale, utazame orodha, ndipo utume ishara. Kwenye Solaris ya zamani amri ya killall ilimaanisha hasa kuua michakato yote, na wasimamizi waliohamia huko kutoka Linux walijifunza hilo kwa machozi. Mfumo unakukinga kwa jambo moja: mtumiaji wa kawaida anaweza kutuma ishara kwa michakato yake tu. Anayefanya kila kitu akiwa root, yaani mtumiaji mkuu, amejivua kinga hiyo.

Upande wa wanaoandika programu, mambo mengi huharibikia kwenye skripti. Skripti ya bash inayonakili data iwe na mstari wa trap wa kufuta faili la muda na kuachia kufuli inapopokea TERM au INT. Hata ikiwa nao, bash haitatekeleza trap mpaka amri iliyo mbele yake imalize. Kama ni rsync ya saa nzima na ishara imetumwa kwa bash peke yake, sekunde 90 za systemd zitapita na 9 itafika. Njia ni kuiendesha rsync kwa nyuma na kutumia wait, kwa sababu wait hukatizwa na ishara. Wanaotumia Docker wana tatizo la aina hiyo. Programu ndani ya kontena huwa mchakato namba 1, na kiini hakitekelezi desturi ya kuua kwa mchakato namba 1 usiojiandaa. Docker stop inatuma SIGTERM, hakuna anayesikia, sekunde 10 zinapita, halafu SIGKILL. Kila kontena unaloona likichukua sekunde 10 kamili kuzima, jua limeuawa. Nyongeza ya --init kwenye docker run huweka msikilizaji mdogo mbele ya programu, na mara nyingi inatosha.

Anayesimamia seva ya kituo cha afya au ya ushirika anaweza kulipima hili katika saa moja, baada ya kunakili data yake pembeni. Aisimamishe kila huduma kwa systemctl stop na kuhesabu sekunde. Inayozidi kumi na tano ichunguzwe ni kwa nini. Aitume 9 kwa hifadhidata iliyo na kazi na kuona inachukua muda gani kurudi. Halafu, kwa mashine ya majaribio peke yake, achomoe waya wa ukutani na kuiacha UPS iendelee mpaka upsmon ifanye uamuzi wake, bila mtu kugusa kibodi. Muda wa betri ukipungua kuliko jumla ya sekunde za kuzima, kiwango cha hatari kinapandishwa, kutoka asilimia 20 ya chaji hadi 50 ikibidi, na kipimo kinarudiwa kila baada ya miezi sita, kwa kuwa betri ya UPS huchakaa kabla ya kitu kingine chochote ndani ya chumba kile.